Barua kwa mwanangu: uza, ila jiwe la kusagia libaki

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza: kazi imeisha, kodi ya miezi sita inadaiwa mwezi wa tatu, na madeni yapo. Je, kuuza gari na vitu vya ndani ni kukosa imani? Na uanze na kipi?

Si kukosa imani. Soma 2 Wafalme 4. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wana wawili wa yule mjane wawe watumwa, na Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Muujiza wa mafuta yake kidogo kujaza vyombo vingi ulipokwisha, mafuta yalikuwa bado vyomboni, ikabidi yauzwe: alipe deni, kinachobaki wale yeye na wanawe.

Chukua daftari, pita chumba kwa chumba, andika kila kitu. Cherehani usiiandike. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani yako ndiyo jiwe hilo. Wengi hukosea hapo: huuza kifaa cha kazi kwa sababu kinanunulika upesi, wakabaki wamekalia sofa.

Anza na gari. Linakula hata likiegeshwa: bima, betri, matairi. Liuze sasa, chakula kikiwa bado kipo ndani, maana mnunuzi akijua kodi ni kesho, bei anaipanga yeye. Andikishianeni mkataba mbele ya wakili. Kadi halisi ya gari usiitoe mpaka uone fedha kwenye akaunti yako mwenyewe. Ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake si fedha. Kisha umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, kila mmoja na TIN yake, namba ya mlipakodi. Usipofanya hivyo, faini za barabarani za mwenzako zitakuandama wewe.

Friji izime siku moja kabla, barafu iyeyuke, ifute mpaka kwenye mikunjo ya mpira wa mlango. Iwashe mapema ili mnunuzi aikute inagandisha. Mwambie aisafirishe ikiwa wima. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huhama. Asipoiacha isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, anaweza kuiua, kisha arudi kwako kudai fedha.

Jirani usimwuzie kwa mkopo. Kumdai utaona haya, na kitu chako utapishana nacho kila asubuhi. Naamini nusu ya maumivu ya kuachia mali ni kule kukitazama tena. Mke wa Lutu aligeuka nyuma.

Fedha ikiingia, igawe siku hiyo hiyo: mkopo wa kausha damu kwanza, maana riba yake hailali, kisha kodi, kisha unga, mchele na mafuta. Ukiambiwa upande mbegu, yaani utoe sadaka, kwa fedha ya kodi ili ufunguliwe, fungua Marko 7:11, uone Yesu alivyowakemea waliofanya Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, kile kilichowapasa kuwapa wazazi wao. Fedha ya mwenye nyumba si yako kuitolea sadaka.

Na jumuiya yako uiambie, usijifiche. Katika Matendo 4 wenye viwanja na nyumba waliuza, kila mtu akagawiwa kadiri ya alivyohitaji. Walikuwapo wa kutoa na wa kupokea, na mwaka huu wewe ni wa kupokea.

Jumamosi nitumie picha za kurasa za daftari. Tutaanza na bei ya gari.

Mama yako