Msimfungie ndani: jibu kwa dada ambaye mumewe ameshindwa kuacha pombe

Dada, umeeleza kwamba mumeo anakunywa kila siku tangu alfajiri, kwamba mikono yake hutetemeka mpaka apate ya kuzimua, na kwamba ndugu zake wamepanga kumfungia chumbani majuma mawili bila tone la pombe. Umeuliza pia juu ya unga ambao wifi yako ameuleta ili umtilie kwenye chai bila yeye kujua, na kama akishapona ataweza kunywa kidogo kwenye sherehe kama watu wengine. Nimeishi na mume mlevi kwa miaka mingi, na sasa naishi na mume huyo huyo asiyekunywa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona na yale tuliyofundishwa na madaktari waliomtibu.

Jambo lisiloweza kusubiri ni hilo la kumfungia. Tafadhali wazuie. Anayekunywa siku za sikukuu tu anaweza kuacha leo na asipatwe na neno, lakini mtu ambaye mikono yake inatetemeka kila asubuhi ameshafika mahali ambapo mwili wenyewe unaidai pombe. Pombe huupoza ubongo, na ubongo unaopozwa kila siku kwa miaka hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili usizimike. Pombe inapokatwa ghafla, ile nguvu ya ziada hubaki bila kizuizi, kama lori lililokatika breki kwenye mteremko. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Katika siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huchanganyikiwa vibaya, mwili ukiwaka homa, moyo ukienda mbio na macho yakiona visivyokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Ukoo wa mume wangu, huko Kilimanjaro, ulikata shauri kama hilo la shemeji zako. Baba watoto alipelekwa kijijini kwa mama yake na ufunguo wa chumba ukakaa kwa kaka yake mkubwa. Usiku wa tatu nilimkuta ameketi kitandani akifuta siafu kwenye shuka jeupe ambalo halikuwa na mdudu hata mmoja, akiwasukuma kwa kiganja taratibu kuelekea ukingoni, huku akinisihi niwainue watoto wasiumwe, na watoto walikuwa mjini. Wazee walisema ni mapepo yanamtoka. Aliyekataa maneno hayo ni mama mkwe wangu, ambaye alikwenda mwenyewe gizani kugonga kwa jirani mwenye gari, na hadi leo naamini kwamba ni yeye aliyemwokoa mwanawe. Hospitalini daktari aliagiza achomwe sindano za vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, kwa sababu wanywaji wengi wana upungufu mkubwa wa vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inaweza kuuharibu ubongo ambao tayari umechoka. Alipewa pia diazepamu, dozi ikipunguzwa siku hadi siku mpaka mwili ulipotulia.

Kwa hiyo mpeleke hospitali, na ukifika usione haya kusema yote: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho alikunywa saa ngapi, kama amewahi kuanguka kifafa, na dawa gani nyingine anatumia. Ukisema tu kwamba ana malaria au tumbo linamsumbua, watamtibu malaria, na siku ya tatu yatawakuta wodini yale ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Iwapo leo hakuna usafiri, msimnyang'anye pombe yote kwa mkupuo kabla hajaonwa na daktari. Najua inauma kusikia hivyo baada ya kuimwaga sinki mara ngapi, lakini katika siku hizo chache kukatishwa ghafla ni hatari kuliko kinywaji chenyewe. Akianza kuona vitu au akianguka, ni dharura, hata iwe usiku wa manane.

Kuhusu unga wa wifi yako, usiutie kwenye chai. Hamjui una nini, na katika unga wa namna hiyo wapo wanaochanganya disulfiramu, dawa halali ambayo watafiti wa Denmark waligundua matumizi yake kwa walevi mwishoni mwa miaka ya 1940. Dawa hiyo huuzuia mwili usimalize kuivunjavunja pombe, hivyo sumu hujikusanya kwenye damu: uso huwa mwekundu, mtu hutapika, moyo hudunda kwa kasi na presha hushuka. Aliyekubali kuitumia huonywa na daktari akajua la kuepuka, lakini aliyelishwa kwa siri atakunywa kama kawaida yake na anaweza kufia mezani. Tena, mume atakayegundua kwamba amewekewa kitu kwenye chai hatakula tena mkononi mwako, nawe utakuwa umepoteza mlango pekee uliobaki wa kuzungumza naye. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati. Muulize daktari mbele ya mumeo, naye mwenyewe aseme ndiyo au hapana.

Sasa nije kwenye yale marefu zaidi. Kutolewa pombe mwilini huchukua takriban juma moja, na watu wengi huchukulia kwamba kazi imekwisha hapo, ilhali ndipo inapoanza. Serikali yetu ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nilifurahi kama niliyeshinda kesi, kwa kuwa viroba ndivyo nilivyokuwa nikiviokota kwenye mifuko ya suruali zake kila nikifua. Mume wangu alihamia kwenye chupa ndogo, na zilipomshinda bei akahamia kwenye gongo, ambayo hakuna ajuaye imepikwa na nini. Sheria ile ilikuwa nzuri na ninaiunga mkono, lakini haikuweza kujibu kwa nini huyu mtu anaihitaji pombe, na swali hilo ndilo lililotupeleka kliniki ya afya ya akili kwa ushauri nasaha, mimi na yeye pamoja, na pengine kila mmoja peke yake.

Kilichomshika baadaye ni kundi la Alcoholics Anonymous, harakati iliyoanzia Akron, Ohio, nchini Marekani mwaka 1935, baada ya wanywaji wawili kugundua kwamba kila mmoja aliweza kukaa bila kunywa pale alipokuwa akimsaidia mwenzake. Hakuna ada wala majina kamili, na hakuna anayemhubiria mwingine. Mtu anasimama, anasema yaliyompata, anaketi. Mume wangu alizoea kuonywa na kila mtu aliyemzidi, padre, bosi na kaka zake, lakini hakuwahi kusikilizwa na mtu aliyewahi kulala mtaroni kama yeye. Kama hakuna kundi la aina hiyo karibu nanyi, ulizeni kliniki ya afya ya akili kama inawakutanisha walioacha.

Na wewe dada, usijisahau. Jamaa za wanywaji wana mikutano yao iitwayo Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, na humo ndimo nilimojifunza kutofautisha kumsaidia mtu na kuisaidia pombe yake. Kulipa deni la kilabuni, kumpigia bosi simu na kusema anaumwa, kuwaambia watoto kwamba baba amechoka na kazi, yote hayo huonekana kama upendo na heshima ya nyumba, lakini huondoa kila kitu ambacho kingemfanya aione hali yake. Niliyaacha moja baada ya jingine, nikimweleza mapema na bila kufoka, naye akiwa hajalewa. Chakula hakikukosekana wala hakufungiwa mlango. Lakini akikupiga au akiwatishia watoto, haya ya subira hayakuhusu: ondoka kwanza, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na matibabu yake yafuate baadaye.

Atateleza pengine. Mume wangu aliteleza msibani, alipofiwa na mdogo wake, na kilichomrudisha kabla ya juma kwisha ni kwamba alikuwa na watu wa kuwapigia simu.

Umeuliza mwisho kama ataweza kunywa kidogo. Kwetu Uchagani swali hilo si dogo, maana mbege, ile pombe ya ndizi, kimea cha ulezi na ukali wa gome la msesewe, ndiyo inayofunga posa, inayopatanisha ndugu na inayozika wafu, na kuikataa kata ni kama kuwakataa watu. Wa kwetu alijaribu kunywa kidogo mara kadhaa, na kila mara ile kidogo haikudumu. Mtu aliyefikia kutetemeka asubuhi kwa kawaida hapati tena kiasi. Ubongo hukumbuka, na madaktari waliomwona walimshauri aache kabisa. Tulichofanya ni kuzungumza na mzee wa ukoo kabla ya shughuli. Kata inapomfikia, mume wangu huipokea kwa mikono miwili, huitolea shukrani, kisha humpa anayemfuatia bila kuigusisha mdomoni, na mzee huendelea na maneno yake. Mara ya kwanza wachache waliguna. Siku hizi anayegawa pombe humtengea soda yake kabla hajaketi.