Nyama ya barafu na haraka ya futari

Kila Ramadhani wadogo zangu hunipigia simu na suali lile lile: dada, adhana ya alasiri imeshapita, nyama ni jiwe, nifanyeje? Wengi wamezoea kuitoa asubuhi na kuiacha juu ya meza ya jikoni mpaka jioni. Hili naomba tuliache. Vijidudu vya kwenye nyama huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 4 na 60, na mchana wa Unguja ni joto tupu. Nje ya nyama hulainika mapema, ndani bado barafu, na hiyo ya nje ndiyo inayoshinda saa nzima nzima katika joto wanalolipenda. Joto likipita nyuzi 32, chakula kibichi kisikae nje zaidi ya saa moja. Wala usiseme moto utamaliza kila kitu. Baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi.

Mwenye nafasi aitoe friza jana yake na kuishusha kwenye friji. Kipande cha kilo 2 kinataka siku nzima, usiku na mchana. Kiweke ndani ya bakuli, rafu ya chini kabisa, maji mekundu yasije yakadondokea matunda. Nyama ya biriani mimi huimwagia mtindi, thomu na tangawizi ikiwa bado imeganda, nikaifunika. Inayeyuka huku inaroweka, na viungo vinaingia vizuri.

Siku ya haraka, tumia maji. Nyama iwe kwenye mfuko usiovuja au kopo la mfuniko unaobana, kisha izamishwe kwenye beseni. Maji hupeleka joto kwenye nyama upesi kuliko hewa, kwa hiyo nusu kilo huwa tayari ndani ya saa moja hivi. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha maji kila nusu saa yabaki baridi. Lakini maji yetu yanatoka kwenye tangi juu ya paa, na mchana mara nyingi huwa vuguvugu! Kwa hivyo tia chupa moja ya maji yaliyoganda ndani ya beseni. Ukitia mkono unatakiwa uhisi baridi hasa. Maji ya moto usiyaguse: nyama inageuka rangi ya kijivu pembeni, katikati kisu hakipiti.

Vipande vyembamba, kama vya mishikaki au minofu ya samaki, vilaze juu ya sufuria ya alumini iliyopinduliwa, kisha uweke juu yake sufuria nyengine yenye maji ya bomba. Alumini hupitisha joto haraka sana. Vikilainika tu, jikoni moja kwa moja. Ya maikrowevu nayo ni hivyo hivyo, ipikwe papo hapo.

Na kama ni supu au mchuzi, kwa nini uyeyushe? Tia nyama chunguni na barafu yake, uongeze muda wa kupika kama nusu ya ule wa kawaida. Kuku wa kukaanga ndiye asiyefaa hivyo, ataungua nje akiwa mbichi kwenye mfupa.

Haraka yenyewe hasa hutengenezwa siku ya kugandisha. Nyama ya Sikukuu Kubwa ikija nyingi, watu huisukumiza friza kwa bonge moja la kilo tatu nne. Igawe kwa kiasi cha chungu kimoja, uitandaze bapa kama chapati nene, kisha ndiyo uigandishe. Pakiti ya namna hiyo huyeyuka mapema mno kuliko bonge.

Iliyoyeyukia friji unaweza kuirudisha friza, ladha tu itapungua kidogo. Iliyoyeyukia majini ipikwe kwanza. Umeme ukikatika, usiwe unafungua fungua friza; ukirudi, nyama yenye chembe za barafu bado inagandishwa tena bila ya wasiwasi.