Zamu ya usiku inaniua kichwa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta, mi mlinzi wa geti hapa Dar, natoka saa 12 asubuhi nalala mpaka saa 4 basi, joto na watoto. Siku hizi nasahau mno, juzi gari moja nimeiandika mara mbili kwenye daftari. Ubongo unakufa?

JIBU: Marahaba kijana, haufi, ila hayo masaa 4 hayatoshi kabisa, mtu mzima anatakiwa angalau 7, maana ukilala ndo ubongo unapanga kumbukumbu za siku na pia unajisafisha, mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard kule Rochester, Marekani, waliona kwa panya kwamba wakilala majimaji yanapita kwa wingi katikati ya seli na kuzoa taka. Sasa wewe huenda taka zinabaki! Weka pazia zito, feni, simu mbali, kahawa mwisho saa 8 usiku, halafu jioni kabla ya zamu jiibie tena masaa 2 au 3. Na kama wife anasema unakoroma huku pumzi inakatika, hiyo nenda hospitali ukapimwe.