Watarajali, hiyo dawa inatokea wapi?

Wadogo zangu watarajali, nawapenda, lakini wiki hii mmenizeesha. Nimepita wodini nikafungua faili moja baada ya jingine, na kila chati ya dawa ina mambo yaleyale: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku. Mwandiko wenu mzuri, mnatushinda sisi. Ila nikiuliza, "Hii dawa inatoka mwilini kwa njia gani, na itachukua muda gani?" timu nzima inatazama sakafu. Mmoja akajibu "kwa mkojo" kwa sauti ya mtu anayebahatisha. Alipatia. Nikamuuliza mgonjwa amekojoa kiasi gani tangu jana, tukarudi kwenye sakafu.

Famakolojia mliisoma, najua. Mliisahau wiki iliyofuata mtihani, kama sisi tulivyoisahau. Mlichobaki nacho ni mlango wa kuingilia: mdomo, mshipa, msuli. Haya ninayoandika ni ya mlango wa kutokea.

1. Nusu-uhai si swali la mtihani tu. Ni muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu kinapungua nusu, basi. Lakini humo mna mambo mawili unayoyahitaji kila raundi. Dawa unayoitoa kwa dozi ileile inafikia kiwango chake cha kutulia baada ya nusu-uhai nne hadi tano, na ukiisimamisha inataka muda kama huo kuisha. Digoksini, ile dawa ya moyo, kwa mwenye figo nzima nusu-uhai wake ni kama siku moja na nusu. Piga hesabu, ni karibu wiki. Sasa wewe umemwanzishia bibi Jumatatu, Jumatano unasema haijasaidia, unaongeza. Wiki inayofuata bibi anatapika, hataki hata kunusa chakula, anasema ukuta umekuwa wa njano, na wewe unaandika vidonda vya tumbo na kumpa omeprazoli. Bibi tumbo lake zima! Ana digoksini ya Jumatatu juu ya ya Jumanne juu ya ya Jumatano. Na kama figo zimechoka, na furosemaidi ya kukojoza uliyomwandikia mwenyewe imemmalizia potasiamu, usishangae mapigo ya moyo yakianza kuruka.

Ukitaka dawa ya aina hiyo ifanye kazi leoleo, ndiyo maana kuna dozi kubwa ya kuanzia. Hiyo inategemea zaidi mwili una nafasi kiasi gani ya kuibeba dawa. Figo na ini hesabu yake iko kwenye dozi za kuendeleza.

2. Fenitoini, dawa ya kifafa, haifuati hesabu za darasa la tano. Dawa nyingi ukiongeza dozi maradufu, kiwango kwenye damu nacho kinapanda maradufu. Fenitoini vimeng'enya vya ini vinavyoivunja vinazidiwa mapema, katika dozi zilezile tunazotumia kila siku. Vikishazidiwa, unachoongeza kinabaki ndani. Kwa hiyo ukikaribia kikomo unapandisha kwa miligramu 25 au 50, hupandishi kwa 100 kwa sababu vidonge ulivyonavyo ni vya 100. Kuna kijana fundi seremala aliongezewa hivyo baada ya kuanguka mara moja tu. Akaanza kuyumba, ulimi ukawa mzito. Nyumbani wakasema ameanza kunywa. Baba mkwe akaitisha kikao. Alipofika kliniki, ukimwambia afuate kidole kwa macho, macho yanachezacheza pembeni, kila kitu kipo wazi. Tatizo kikao kilikuwa kimeshamtoza faini, na sidhani kama alirudishiwa.

3. Kosa la kumruhusu mgonjwa kwa kuwa tu ameamka ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu juzi usiku nilimkuta mwenzenu yuko njiani kulifanya, nikamshika mkono. Mimi hakuna aliyenishika.

Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, hospitali ya wilaya, zamu ya jioni. Analetwa mzee kabebwa na vijana, binti yake nyuma anamfuta jasho kwa kanga, jasho lisiloisha, shati limemganda mgongoni. Ukimwita anakoroma tu. Sista akamchoma kidole: sukari 1.7, chini mno. Nilifurahi, sitawaficha. Mtu aliyezimia ana orodha ndefu ya mambo ya kutisha, na hili ndilo unaloweza kulitibu papo hapo ukiwa umesimama. Dekstrosi ya 50%, yale maji ya sukari, mnaijua ilivyo nzito, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka kinauma, na ikivuja kidogo glavu zinanata. Nikasukuma mililita 50. Sijamaliza bomba, mzee kafumbua macho, kauliza hapa wapi, halafu akamgombeza binti kwa nini kamvua viatu. Chumba kizima kikacheka. Binti akapiga magoti kunishukuru. Kwa umri ule, mnadhani nilibaki na akili?

Tukapima tena, ikawa 9 na ushei. Nikaagiza chai ya sukari na mkate. Sista, mama mtu mzima, akaniuliza taratibu, "Daktari, tumtafutie kitanda?" Wodi ilikuwa imejaa, wengine wanalala wawili wawili. Nikasema hapana mama, anakula, anaongea, aende nyumbani. Kwenye kadi nikaandika: ale vizuri. Mzee akatoka kwa miguu yake, mimi nikaenda kunywa chai.

Sikuuliza anatumia vidonge gani. Vilikuwa kwenye pochi ya binti, ndani ya bahasha ya dawa: glibenklamidi ya kisukari, miligramu 5 asubuhi na jioni. Wala sikuuliza siku zile alikuwaje. Alikuwa akiharisha, chakula hakipiti, mkojo umekuwa kidogo na rangi ya chai ya mkandaa. Vidonge lakini hakuacha hata kimoja. Binti angenieleza yote hayo, ilikuwa ni kufungua mdomo tu nimuulize.

Glibenklamidi inafunga mifereji ya potasiamu kwenye seli za beta za kongosho, na seli zinamwaga insulini, sukari iwepo isiwepo. Athari yake inaweza kudumu saa 24. Ini linaivunja, lakini hata yale mabaki yanaendelea kushusha sukari, na karibu nusu yake yanatakiwa kutoka kwa mkojo. Mzee hakuwa na mkojo. Ile dekstrosi niliyojivunia nayo ilizidisha: sukari ikipanda ghafla, kongosho lililoshikwa na dawa hii linajibu kwa insulini nyingine zaidi. Kwa maneno mengine nilimwamsha, nikachochea insulini, nikamruhusu akalale.

Walimrudisha alfajiri. Nyumbani walidhani amelala usingizi wa uchovu, wakamwacha apumzike. Mashine haikutoa namba, iliandika Lo, yaani sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Tulisukuma dekstrosi, tukasukuma tena, safari hii hakufumbua macho. Alikaa wodini muda mrefu. Kuamka aliamka, lakini wanawe hakuwajua, na ukimpa kijiko anakigeuzageuza mkononi, hajui cha kukifanyia.

Bosi wangu hakunifokea. Alifungua faili, akauliza, "Kreatinini yake?" Kipimo hicho cha figo hakikuwepo. Akalifunga, akaenda kitanda kinachofuata. Ningeshukuru kama angenitukana.

Nilikuja kuongea na binti, nikamwambia baba yake alipaswa kulazwa jioni ile na kwamba niliyemruhusu ni mimi. Hakuonekana kunisikia. Aliniuliza kama imetokea kwa sababu hawakumlisha vya kutosha, maana kadi iliandikwa ale vizuri, na wao walimbembeleza na uji mpaka akakataa kikombe. Familia nzima ilikuwa inajilaumu kwa kikombe cha uji, kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika nikiwa nawahi chai.

Basi. Sukari ikishushwa na vidonge vya jamii hiyo, mgonjwa analazwa hata kama anaimba. Dripu ya dekstrosi 10% inaendelea, kidole kila saa mwanzoni, saa 24 kwa uchache, na zaidi kama figo ni mbovu. Okitreotidi, inayozuia insulini kumwagika, iko vitabuni, stoo kwetu haipo, msiniulize. Na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa waliovuka miaka 60, linapendelea glikilazidi. Ukiikuta kwenye kadi ya babu, ibadilishe mchana, isije ikakuita usiku.

Kosa hilo lina ndugu zake. Naloksoni, ya kumzindua aliyezidisha methadoni, inaisha ndani ya saa moja au mbili, methadoni yenyewe kesho bado ipo. Mgonjwa anaamka, anakutukana, anadai nguo zake aondoke. Mbembeleze, gombana naye ikibidi, asiondoke, maana kupumua kutamshinda akiwa kwenye daladala. Na aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu, atropini unayompa inaisha mapema kuliko sumu. Usikilize mapafu, makohozi yakauke, na urudi kusikiliza tena. Mboni za macho zisikudanganye.

4. Magnesiamu salfeti, ya kifafa cha mimba. Hii inatoka kwa figo tu, ini haina habari nayo. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza: goti lirushe mguu ukiligonga, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 100 kwa saa nne zilizopita. Goti hupotea kabla ya pumzi, ndiyo maana unatembea na nyundo. Nyundo imepotea? Tumia ukingo wa stetoskopu, lakini usiniandikie "rifleksi sawa" ilhali shuka halijafunuliwa. Kalsiamu glukoneti gramu moja, ya kuizima ikizidi, iwe palepale kando ya kitanda, isiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu wa zamu iliyopita.

5. Rifampisini ya TB inaliamuru ini litengeneze vimeng'enya zaidi, na vimeng'enya hivyo havichagui, vinakula na dawa za jirani. Dolutegraviri ya VVU inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, na inabaki hivyo wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini, kwa kuwa ini haliachi siku hiyohiyo. Mama mwenye TB na kijiti mkononi, mwambie mapema kwamba kijiti hakitegemewi. Mkashauriane kuhusu kitanzi, ambacho kinakaa kwenye kizazi na hakijui ini linafanya nini. Mtaani kuna mtoto aliyepewa jina langu, alizaliwa kwa sababu hakuna aliyemwambia mama yake. Mtoto mzuri, sasa anasoma chekechea, na mama yake kila tukionana ananicheka.

6. Dawa mseto ya malaria, ALu, mnaitoa kila siku na mnaieleza vibaya kila siku. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, si "kesho asubuhi". Ukimwanza mtu saa tatu usiku, mwambie aweke kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Ale na kitu chenye mafuta, maziwa, chapati, karanga, maana lumefantrini bila mafuta inapita tu tumboni. Na mweleze kwa nini asiache akipata nafuu: atemetha inaua vimelea vingi haraka lakini yenyewe inaisha kwenye damu kwa saa chache, waliobaki wanamalizwa na lumefantrini inayokaa siku kadhaa. Watu wakielewa hivyo wanamaliza vidonge vyote 24. Wakiambiwa tu "maliza dozi" wanabakiza vya shemeji.

7. Gentamaisini inaua bakteria kwa kilele cha kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo mpe mtu mzima dozi nzima mara moja kwa siku kwa uzito wake, figo na masikio vipate nafasi ya kupumzika hapo katikati. Miligramu 80 mara tatu ni urithi wa babu zenu. Penisilini ni kinyume chake, inataka iwepo muda wote, kwa hiyo dozi ya saa nane usiku ambayo "mgonjwa alikuwa amelala" ni dozi iliyokosekana, na imekosekana kwa aliyeihitaji.

Seftriaksoni na kalsiamu haviingii kwenye mtoto mchanga pamoja. Dripu ya Ringa nayo ina kalsiamu. Sitarudia.

Diklofenaki ya maumivu kwa mtu wa presha anayetumia enalapirili na dawa ya kukojoza: kabla hujaandika, nipigie nikukatalie.

Na mkinipigia, usiku wowote napokea, hata mke wangu ameshazoea. Ila uwe na uzito wa mgonjwa, kreatinini, mkojo wa saa zilizopita, na saa kamili ya dozi ya mwisho kutoka kwenye chati, si kutoka kichwani. Ukianza na "Daktari, nimpe miligramu ngapi?" nakata, nasubiri upige tena.