Ulaya kwa basi la kikundi: maswali yenu na majibu

Maswali ya tua za kikundi Ulaya yamejaa, zile za nchi tano kwa siku kumi na basi moja, kwa hiyo leo najibu hayo tu, ya Dubai yasubiri.

Wakala kanitumia ratiba, siku ya Paris imeandikwa tutaona Arc de Triomphe, Louvre, Eiffel Tower na jioni boti kwenye mto Seine. Yote siku moja, inawezekana au ananizuga? (Mama Wawili, Tanga)

Shikamoo mama. Inawezekana, tena bila jasho, kwa sababu sehemu nyingi hapo hamuingii. Basi litazunguka Arc de Triomphe mkiwa mmekaa vitini, litateremka barabara ya Champs-Élysées, Louvre, lile jumba la makumbusho, mtaona ile piramidi ya kioo kwa nje, halafu mtashushwa kwenye uwanja wa Trocadéro ng'ambo ya mto, dakika kama ishirini mpige picha mnara ukiwa nyuma yenu, haya pandeni twende. Sio utapeli, tua za basi ndo zilivyo, shida ni kwamba watu wanakuja kujua wakiwa wameshafika na hela ishalipwa. Muulize wakala, na akujibu kwa maandishi: wapi tunaingia ndani, tiketi imo kwenye bei au nalipia pembeni, na kama Eiffel tunapanda, tunaishia ghorofa ya pili au tunafika juu kabisa, maana tiketi ni tofauti na bei ni tofauti. Mnara una mita 330, ghorofa ya pili iko kama mita 116 na kwangu mimi hiyo ndo tamu, Notre-Dame unaiona, Louvre unaiona, ukienda juu kabisa majengo yanakuwa madogo huyatambui tena. Wenye miguu yao wanaweza kupanda ngazi 674 mpaka hapo, kutoka hapo kwenda juu ni lifti tu. Na kama Louvre mnaingia, isiangukie Jumanne, wanafunga.

Eti Mona Lisa ni kapicha kadogo tu? (Msomaji, Kisumu)

Ni kadogo kweli, sentimita 77 kwa 53, kako Louvre nyuma ya kioo na mbele yako kuna msitu wa simu. Watu wanapiga foleni, wanapiga selfi, wanaondoka wamenuna. Ushauri wangu, geuka nyuma! Ukuta wa pili wa chumba hicho hicho kuna picha ya mchoraji Veronese ya harusi ya Kana, karibu mita 7 kwa 10, kubwa kuliko picha zote za Louvre, na watu wameipa mgongo. Umaarufu wa Mona Lisa pia ulichangiwa sana na wizi wa 1911, Muitaliano mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo hapo Louvre aliibeba na ikapotea miaka miwili hivi mpaka ilipopatikana Florence.

Navaa hijabu, Vatican wataniruhusu? Mume wangu yeye hatembei bila kaptula. (Bi. S., Mombasa)

Wewe hauna shida kabisa dada, shida ni shemeji. Wanazuia mabega wazi na magoti wazi, mwanamke au mwanaume, jua la Roma liwe kali vipi, kwa hiyo mfungashie suruali nyepesi mapema asije akabaki nje na mikoba yenu. Ndani ya Sistine Chapel, kanisa dogo la hapo Vatican, kupiga picha hairuhusiwi na mnatakiwa kukaa kimya, hata muongozaji wenu hatoi maelezo humo, anawaeleza nje kabla ya kuingia na hapo ndo wengi wanachezea simu, wakifika ndani wanaangalia tu dari hawajui Michelangelo kachora nini miaka minne ile, 1508 hadi 1512. Ukitaka kuswali mkiwa Paris, kuna Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1926, Ufaransa iliujenga kama shukrani kwa Waislamu waliopigana upande wake Vita vya Kwanza vya Dunia, ua wake peke yake unatosha kuomba muda kwa kiongozi wa tua.

Kwanini basi linasimamasimama halafu Venice mnapewa masaa machache tu? (Juma, Mwanza)

Sheria ya dereva hiyo. Umoja wa Ulaya hawaruhusu dereva aendeshe zaidi ya masaa manne na nusu bila kupumzika dakika 45, na kwenye basi kuna kifaa kinarekodi, hakuna cha "bosi nisaidie". Ndo maana mtu mmoja akichelewa nusu saa kununua sumaku za friji, kikundi kizima mnakatwa muda wa mji unaofuata. Venice basi lenyewe haliingii, mnashuka pembeni Tronchetto, kisiwa cha kuegesha mabasi, mnapanda boti, kwenda na kurudi muda umekwisha. Toka 2024 vikundi vya watalii visizidi watu 25 na vipaza sauti marufuku, kwahiyo mtavaa visikilizio, msivizime.

Tukiwa na viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, tunaruka na London? (wengi mmeuliza)

Hapana. Uingereza ni viza yake. Na mkitoka Paris kwenda London halafu mrudi Ufaransa, Schengen yenu iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtabaki huko.

Vibaka je?

Wapo, pochi iwe mbele. Kwenye kanisa la Sacré-Coeur, Paris, kuna vijana wanakufunga kamba mkononi kisha wanadai hela, usitoe mkono. Na karibu na Eiffel utakuta pata potea ile ile ya Kariakoo, vikombe vitatu, na wanaoshangilia ushindi ni wenzake mchezeshaji.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua, ataweza? (Neema, Arusha)

Ataweza ila Roma ni mawe na kutembea, mnara wa Pisa auangalie kutoka chini, ngazi zake zinazidi 250 na zimeinama. Akichoka mkiwa Roma asikae kwenye Spanish Steps, zile ngazi maarufu za nje, toka 2019 ni marufuku na faini inafika yuro 400. Ingieni mkahawa. Bei ya kahawa mezani inazidi ya kusimama kaunta, ila mlipie tu meza jamani, ni mama.