Presha iko sawa, mgonjwa hayuko sawa

Wiki hii ameniandikia muuguzi aliyeanza kazi wodi ya upasuaji. Alimpigia daktari wa zamu usiku kuhusu mgonjwa anayehema haraka, akajibiwa, "Presha yake ni nzuri, sasa unataka nini?" Anauliza kama alikosea. Hukukosea, mdogo wangu. Jibu hilo nilishalipata, na likinijia linaniuma mpaka leo.

Mgonjwa wangu alikuwa amepasuliwa tumbo mchana. Nilipopokea zamu presha ilikuwa 118 kwa 74, na kila aliyepita alisoma hiyo tu akaenda zake. Mimi nikahesabu pumzi dakika nzima: 26, wakati mtu mzima aliyetulia huwa na 12 hadi 20. Mapigo yaliyokuwa 82 akitoka thieta yalikuwa yamefika 116. Mkojo, mililita 20 kwa saa nzima. Mtu wa kilo 70 tunategemea atoe walau 35. Halafu hatulii, anavutavuta shuka, anaomba maji.

Mrija wa kidonda, ule wa kutoa damu nje, ulikuwa mkavu, na nilipompigia daktari wa zamu akashikilia hapohapo: hakuna damu, presha nzuri, mpe dawa ya maumivu. Lakini mrija huziba kwa damu iliyoganda. Na mwili wa mtu mzima hujikaza: moyo unakimbia, mishipa inajibana, presha inabaki nzuri huku damu inapotelea tumboni. Ukisubiri ishuke, umechelewa.

Nikapiga tena. Safari hii nilitaja namba za mchana, namba za sasa na ngozi iliyopoa, nikamwambia nataka aje amwone. Alipokataa nikampigia daktari bingwa, nikaandika saa na majibu kwenye faili. Kabla ya alfajiri mgonjwa alirudishwa thieta, akakutwa anavuja damu ndani. Alipona. Kwenye raundi sifa zikaenda kwa wengine, na kuna aliyenong'ona kwamba mimi mjuaji. Sawa, mjuaji.

Ndiyo maana wananikera wanaoandika pumzi 20 kwa kila mgonjwa wodini, kana kwamba wote wanapumua kwa kengele moja. Katika mizani ya NEWS, inayompa mgonjwa alama kwa kila kipimo kisicho cha kawaida, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa 2017, pumzi 25 au zaidi kwa dakika ni alama 3, na hizo tatu za pumzi peke yake zinatosha kumwita mtu aje haraka. Pumzi 8 au pungufu ni alama 3 vilevile. Wakumbukeni waliochomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza pumzi.

Hesabu huku vidole viko kwenye kifundo cha mkono wake kama unapima mapigo, maana akijua unahesabu pumzi atazibadilisha. Pitisha mkono chini ya mgongo wa mgonjwa. Damu hutiririkia huko bandeji ya juu ikiwa safi. Linganisha na namba za zamu iliyopita. Na hesabu, jamani, hesabu! Daktari anapita, sisi ndio tunaobaki naye.

Ulitaka pia kujua kama uombe kuhamia wodi ya magonjwa ya ndani. Ukipenda, hama, ila usihame kwa kukimbia simu. Huko kuna nimonia na moyo kushindwa kazi, na mara nyingi wagonjwa hao pia huanza kubadilika kwenye pumzi. Kwa hiyo kabla ya zamu yako ijayo, ulizia namba ya simu ya daktari aliye juu ya yule wa zamu.