Anza na kiti, matembezi yatafuata

Kama mama ana miaka 78, anashinda amekaa na hataki kusikia habari ya kutembea, usimlazimishe. Mara nyingi mapaja yameshaishiwa nguvu na anaogopa kuanguka, ila hasemi.

Tafuta kiti kigumu chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele hadi pua ipite magoti, ndipo asimame. Wengi hushindwa hapo: miguu iko mbele mno na mgongo umenyooka, basi anarudi kitini puu! Akishindwa bado, weka mto mgumu, kiti kiinuke. Kushuka nako hujenga misuli, kwa hiyo ashuke taratibu ukihesabu hadi 4. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, asubuhi na jioni. Ahesabu kwa sauti, maana kubana pumzi hupandisha presha.

Tafadhali usimvute mikono, utamuumiza bega. Simama ubavuni, upande ulio dhaifu.

Akiwa anatumia dawa za presha, akisimama atulie kwanza ameshika kiti, asiondoke mbio. Kizunguzungu au maumivu ya kifua, mnaacha hapo hapo na kumwona daktari.

Akifikisha 10 mfululizo bila kushika mikono ya kiti, mtoe nje dakika 5, viatu vyenye kisigino kilichofungwa. Ndala hapana.